Bi Harusi Tunamfunda, na Huyu wa Chumba cha Nyuma Je?



Pwani yetu hii hakuna binti anayeingia kwenye ndoa bila kufundwa. Hata kwao wawe masikini namna gani, watamtafutia somo. Atawekwa ndani, atasingwa, ataelekezwa namna ya kujisitiri na kujisafisha, namna ya kupokea wageni, namna ya kuzungusha pesa ya matumizi mpaka ifike mwisho wa wiki, namna ya kusema na mume akiwa amekasirika. Hatumwambii "ukifika huko utajua mwenyewe." Tunajua kwamba asiyefundwa atataabika, na wazee wetu walishasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Sasa nawauliza. Katika nyumba hiyohiyo, chumba cha nyuma, yumo dada yake bi harusi, ana miaka 24. Ana ulemavu wa akili. Hajui kuoga peke yake, na si kwamba hawezi. Hakuna aliyewahi kumwachia kopo mkononi. Hajui tofauti ya noti ya 1,000 na ya 10,000. Hajawahi kutumwa dukani hata chumvi. Siku ya harusi atapelekwa kwa jirani ili wakwe wasimwone. Huyu nani kamfunda?

Leo sizungumzii mishono wala shela. Nazungumzia jambo linaloniuma, na nitalisema wazi, kwa sababu tumelifunika kwa maneno matamu kwa miaka mingi. Tunasema tunawapenda hawa ndugu zetu. Mimi nasema mapenzi ya kumfanyia mtu kila kitu mpaka anafikisha miaka 30 bila kujua kufunga kanga yake mwenyewe, ni dhuluma. Imevaa nguo ya huruma, lakini ni dhuluma.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Bagamoyo. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kozi ya ushonaji, nikaanza na cherehani moja ya kukanyaga. Leo nina mafundi wanne, na nina binti mmoja mwenye ulemavu wa akili anayefanya kazi kwangu na kulipwa kila Jumamosi kama wenzake. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyasoma kwenye bango. Nayaona kila siku mezani pangu.

Kwanza tuelewane kwenye maneno

Mtu mwenye ulemavu wa akili ni yule ambaye tangu utotoni kujifunza kwake, kukumbuka kwake na kupanga mambo kwake kunakwenda taratibu kuliko wenzake. Wengine wamezaliwa hivyo. Wengine walichelewa kupumua wakati wa kuzaliwa kwa sababu uchungu ulikuwa mrefu, wengine walipata malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo wakiwa wadogo. Si laana, wala si malipo ya dhambi ya mama.

Ugonjwa wa akili ni kitu kingine. Huo unaweza kumpata mtu yeyote hata ukubwani, na una matibabu yake hospitali. Na huku kwetu tumezoea kumwita kila mmoja "mtindio wa ubongo", wakati mtindio ni tatizo la ubongo linaloathiri viungo na mwendo, na wapo wenye mtindio wenye akili kali kuliko mimi na wewe. Ama hayo majina mengine, taahira, zezeta, punguani, hayo ni matusi. Tuyaondoe vinywani mwetu kwanza, ndipo tuendelee.

Halafu tujue kuwa ulemavu huu una daraja. Yupo ambaye atahitaji mtu wa kumlisha maisha yake yote, na huyo haki yake ni kutunzwa kwa heshima. Lakini wengi hawako hivyo. Wengi wanaweza kujifunza kuoga, kufua, kupika chai, kwenda dukani na kurudi, na kufanya kazi yenye hatua zinazojirudia. Hao ndio ninaowasemea leo. Na hata yule mwenye hali nzito kuna kimoja anachoweza kujifunza, japo ni kuonyesha kwa kidole nguo anayoitaka. Hatujui mpaka tumjaribu.

Kisingizio cha kwanza: "Huyu ni malaika, muacheni"

Hiki ndicho kinachopendwa sana. "Hana dhambi huyu, kalamu imenyanyuliwa." Ndiyo, tumefundishwa kwamba asiye na akili timamu haandikiwi madhambi. Lakini malezi hayakunyanyuliwa. Katika malezi anayeandikiwa ni wewe mama, wewe baba, wewe kaka mkubwa uliyerithi nyumba. Na kama nilivyosema, hali zao hazilingani. Yupo anayejua halali na haramu, anayesoma Fatiha, anayeona haya akiingiliwa chumbani. Huyo muulizieni sheikh kuhusu swala yake na funga yake. Msimtungie hukumu ya kumfanya mtoto mchanga mpaka anaota mvi.

Katika Sahihi Muslim kuna hadithi kutoka kwa Anas, ya mwanamke wa Madina aliyekuwa na tatizo katika akili yake. Alimjia Mtume s.a.w. akasema ana shida naye. Mtume hakumwambia akamlete mwenye akili zake. Alimwita kwa jina la heshima, mama wa fulani, akamwachia achague mwenyewe njia ya kukutania, akasimama naye akamsikiliza mpaka akamaliza shida yake. Dada zangu, mwanamke huyu alikuwa anatoka nyumbani. Alikuwa na haja zake na alijua wa kumpelekea, na aliyekuwa mbora wa viumbe alimpa muda wake. Sisi ni akina nani hata tumfungie mlango?

Kisingizio cha pili: "Wataibiwa, wataharibiwa"

Hiki nakiheshimu, kwa sababu kina hofu ya kweli ndani yake. Mama anaogopa. Binti akitoka, kuna wahuni. Kijana akipewa pesa, atapunjwa. Kweli kabisa.

Lakini hebu tuangalie kisa cha sahaba mmoja wa Kiansari, ambaye baadhi ya wapokezi wanamtaja kuwa ni Hibban bin Munqidh na wengine wanasema ni baba yake. Uwezo wake wa kuamua ulikuwa dhaifu, na kila akinunua kitu anapunjwa. Jamaa zake wakaenda kwa Mtume s.a.w. wakiomba azuiwe asifanye biashara kabisa. Ndivyo tunavyofanya sisi mpaka leo. Mtume akamwita, akamkataza. Yule bwana akajibu kuwa hawezi kukaa bila kununua na kuuza. Hapo angeweza kufungiwa ndani, jamaa zake ndicho walichokitaka. Badala yake alifundishwa neno la kumwambia kila anayeuziana naye, kwamba pasiwe na kuhadaana, na katika baadhi ya riwaya akapewa siku tatu za kurudisha alichonunua. Jamaa walitaka kufuli, yeye akapewa kinga na akaendelea na soko lake.

Na katika Suratin Nisaa, aya ya 5, tunakatazwa kuwakabidhi mali wasio na uwezo wa kuisimamia. Wengi tunaishia hapo. Lakini aya hiyohiyo inatuamrisha tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao kwa maneno mazuri. Inayofuata, inayohusu mayatima, inaamrisha wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, na baadhi ya wanazuoni wameeleza kuwa kumjaribu ni kumpa kiasi kidogo auze na anunue, uone anafika wapi. Sisi hawa wetu tumewajaribu lini?

Na kuhusu kuharibiwa, niruhusuni niseme jambo ambalo mama zetu hawapendi kulisikia. Anayemharibu binti wa namna hii mara nyingi ni mtu anayemjua: jirani, mpangaji, ndugu. Na anamchagua huyo kwa sababu anajua hatasema. Binti ambaye hajafundishwa majina ya sehemu za mwili wake hawezi kumwambia mama nani kamgusa wapi. Binti aliyezoea kuvuliwa nguo na kila mtu nyumbani hajui kwamba kuna mtu hatakiwi kumvua. Na aliyefungiwa chumbani mchana kutwa wakati wenzake wako kazini, hana hata shahidi. Kinga yake ni kufundwa: huyu ni mwili wako, hapa hagusi mtu, akikugusa piga kelele, njoo uniambie, sitakupiga. Arudie mpaka imkae. Hedhi yake afundishwe mapema, namna ya kuvaa pedi, ya kuitoa, ya kuoga, ili asibadilishwe na watu wengine akiwa na miaka 30.

Kisingizio cha tatu: "Tumtafutie mke, atamtunza"

Hapa bi harusi wangu nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnapoingizwa nyinyi.

Kuna familia zina kijana wa kiume mwenye ulemavu wa akili. Miaka 28, mwili mkubwa, hajui kufua shati lake. Mama yake anazeeka. Badala ya kumfundisha kijana kufua, wanamtafutia binti wa kijijani, mara nyingi wa familia masikini, wanamtolea mahari nzuri, na yule binti anakuja kuujua ukweli siku ya fungate. Huyo hakuolewa, ameajiriwa uyaya bila mshahara.

Sisemi kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili hana haki ya kuoa au kuolewa. Haki anayo, kwa daraja yake na kwa kufahamu anachokiingia. Ninachokipinga ni udanganyifu. Ndoa inataka uwazi na ridhaa ya pande mbili, na mkataba hausimami vizuri juu ya kificho. Kijana aliyefundwa kujihudumia na mwenye kipato chake, japo kidogo, anaweza kupelekewa posa mchana kweupe na binti akaridhia akijua. Huyu ambaye hajafundwa kitu, mnamtafutia mke wa nini?

Na upande wa pili pia upo. Binti mwenye ulemavu anaozwa kwa mwanamume yeyote ili tu atoke nyumbani, au kwa sababu mtu kasema akizaa "atachangamka". Kuzaa si dawa ya akili. Mnamwongezea mzigo ambao hamkumwandaa hata kwa kuuelewa.

Mama akifa

Kila mama mwenye mtoto wa namna hii ninayekutana naye ana swali moja ambalo halisemi mbele za watu. Mimi nikifa, nani atamwangalia?

Jibu tunalijua, ila tunalikwepa. Matanga yakiisha, ndugu wanakaa kikao. Huyu ana nyumba ya kupanga, yule mume wake hataki. Anapelekwa kwa huyu miezi miwili, kwa yule mwezi mmoja. Kitanda chake kinakuwa mkeka wa sebuleni. Wapo wanaofikia kukaa nje ya msikiti siku ya Ijumaa na kopo, na sisi tunapita tunatupia 200 na kuona tumefanya ibada.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mtu anayejua kuoga, kufua, kupika ugali, kufagia, kwenda kazini kwa miguu na kurudi, akija kukaa kwako ni mkono wa msaada nyumbani. Ndugu hawamgombei kumkwepa. Mama anayemfunda mwanawe leo anamwachia urithi ambao hakuna wa kuudhulumu.

Na kujitegemea hakuna maana ya kuishi peke yake. Hata wewe na mimi hatuishi peke yetu. Maana yake ni kwamba afanye mwenyewe anachokiweza, aamue mwenyewe anachoweza kuamua, na asaidiwe pale tu anapokwama.

Anafundwa vipi?

Nitawaeleza tulivyofanya dukani kwangu, mwenye kutaka achukue.

Kazi yoyote ikate vipande vidogo. Mimi nikimwambia fundi "tia vifungo", kwake ni neno moja. Kwa binti yangu huyu ni hatua 8: chukua shati, tafuta alama ya chaki, chukua kifungo, pitisha uzi, na kuendelea. Kila hatua tuliichora kwenye kadi na kuibandika ukutani mbele yake.

Anza na hatua ya mwisho. Mwanzo nilishona mimi kifungo, yeye akafunga fundo na kukata uzi. Kwa hiyo kila mara alikuwa anamaliza, anaona kitu kimekamilika mkononi mwake, anafurahi. Kisha tukarudi nyuma hatua moja moja. Ukimwanzisha mwanzo atachoka kabla hajaona faida yake.

Usibadilishe mahali. Mkasi unakaa palepale, makopo ya vifungo yana rangi zake, saa ya chai ni ileile. Alianza na kutenganisha vifungo kwa ukubwa, ikamchukua wiki tatu. Kisha kukata nyuzi zinazoning'inia, kisha kukunja madera na kuyatia kwenye mifuko. Leo ndiye anayetia vifungo vya sare za shule, na msimu wa Januari shule zikifunguliwa, sijui ningefanya nini bila yeye. Kukata kitambaa hawezi, na kupima wateja hawezi. Sawa. Nina fundi mwingine ambaye kukata anaweza lakini ukimpa vifungo 200 anakimbia.

Njia ya kuja kazini alifundishwa na mama yake. Wiki ya kwanza walishikana mikono. Wiki ya pili mama alitembea hatua kumi nyuma. Ya tatu alisimama kwenye kona akimwangalia kwa macho. Mfukoni ana karatasi yenye namba yangu na ya mama, na yule kijana wa bodaboda wa kituo chetu anamjua.

Pesa tulimfundisha kwa picha. Noti zetu Alhamdulillah zina wanyama: 2,000 ina simba, 5,000 ina kifaru, 10,000 ina tembo, na 1,000 ina Mwalimu Nyerere. Tembo hanunui mandazi. Hilo analijua vizuri sana sasa, na muuza duka aliyewahi kumpa chenji pungufu alirudishiwa mandazi yake mbele za watu.

Na mlipe. Mimi namlipa kwa kifungo, bei ileile ninayomlipa mwingine. Kuna wanaowachukua vijana hawa kubeba maji na kufua, kisha wanawapa sahani ya wali na kusema wanawasaidia. Ujira wa mtu apewe kabla jasho lake halijakauka, tumefundishwa hivyo, na hatukuambiwa tuangalie kwanza akili ya mwenye jasho.

Mteja mmoja, naye ni bi harusi, aliniambia hataki "huyo" aguse gauni lake. Nikamwambia vifungo vyote 24 vya mgongoni ameshatia yeye, akague kimoja kimoja. Alikagua, hakupata hata kimoja kilicholegea. Alichukua gauni, lakini hakusema asante. Si neno. Mwenye kazi alilipwa.

Kazi zipo, tunajifanya hatuzioni

Mnaniambia kazi hakuna hata kwa wenye akili zao. Nawaambia tazameni pwani hii. Mlingotini akina mama wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba, fundo baada ya fundo, kama wenzao wa Paje na Jambiani huko kwenu. Kiwangwa kuna mashamba ya mananasi, yanapaliliwa na kuvunwa. Kuna kusuka ukili, kuanika dagaa, kuosha vyombo vya hoteli, kufunga keki na halua kwenye maboksi ya harusi, kupanga viti vya ukumbi. Kazi zote hizi zinataka mtu asiyechoshwa na kurudia.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya 2010, ya Tanzania Bara, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Pigeni hesabu: asilimia 3 ya watu 20 haifiki hata mtu mmoja! Na bado wapo wanaoona nyingi. Zanzibar nako kulikuwa na sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 19 kinazungumzia haki ya kuishi katika jamii kama watu wengine, cha 27 haki ya kazi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo 2 ni ya watu wenye ulemavu. Bila riba, dada zangu! Ni wangapi kati yetu tumewahi kuuliza ofisi ya maendeleo ya jamii kama kijana wetu mwenye ulemavu wa akili anaweza kuingizwa kwenye kikundi? Tumeacha wakidhani ulemavu ni wa miguu na macho tu.

Lakini mimi na wewe hatuna wafanyakazi 20. Mimi nina watano. Sheria hiyo hainifikii. Anayenifikia ni Allah.

Na shule? Vitengo vya watoto wenye ulemavu wa akili vipo katika baadhi ya shule za msingi, Dar es Salaam ipo shule ya Sinza Maalum, na serikali ina chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu pale Yombo. Tatizo ni katikati. Mtoto anakaa kitengoni mpaka anaota ndevu, kisha anarudishwa nyumbani bila cheti wala ufundi, na hapo ndipo chumba cha nyuma kinafunguliwa. Wazazi, msisubiri siku hiyo. Akifika miaka 12 au 13 anza kumtuma, anza kumpa kazi yake ya nyumbani ambayo hakuna mwingine anayeigusa.

Wenzetu Wakristo, kule Lushoto Kanisa la Kilutheri lina shule ya Irente Rainbow kwa watoto hawa. Na sisi? Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Huku Bara kuna misikiti yenye fremu za maduka zinazopangishwa kila mwezi. Fremu moja tu, iwe wakfu wa karakana: vyerehani vitatu, fundi mmoja mwenye subira, vijana sita. Naomba nisiambiwe hakuna pesa na watu haohao ninaowashonea sare za harusi za kamati nzima, shughuli nne kwa wiki moja. Keki ya ghorofa tano inaliwa dakika kumi.

Kwa bi harusi wetu

Nina manne ninayokuombeni, hasa nyinyi mnaoolewa mwaka huu.

Posa ikija, uliza waliomo katika nyumba hiyo wote, na wewe sema wa kwenu wote. Usiulize ili ukimbie. Uliza ili ujue na upange na mumeo mapema.

Siku yako, ndugu yako huyo asipelekwe kwa jirani. Mshonee sare kama wenzake na umpe kazi: anyunyize marashi, agawe halua, apokee mikoba ya wageni. Mfundishe wiki mbili kabla, kwa hatua kama nilivyoeleza. Wakwe watakaokukataa kwa sababu ya ndugu yako, bora wakukatae kabla ya nikaha.

Ukikuta shemeji mwenye hali hii huko uendako, usigeuzwe yaya. Kaa na mumeo mkubaliane nani anamfundisha nini, na damu yake iwe mbele, siyo wewe peke yako.

Na mwenye biashara, iwe ya mapambo, ya mapishi, ya hina au ya nguo kama mimi, tafuta kipande kimoja cha kazi yako kinachojirudia, ukipe mtu mmoja. Mmoja tu. Mpe miezi mitatu kabla hujasema hawezi. Huko kisiwani muulizieni ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili ambayo ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wanawajua vijana na wazazi wao. Huku kwetu anzia shule yenye kitengo iliyo karibu nawe, mwalimu atakutajia majina kabla hujamaliza kusalimia.

Mtoto huyu ni amana, na amana huulizwa. Hatutaulizwa kwa nini hakuwa na akili kama za wengine, hilo liko kwa aliyemuumba. Tutaulizwa tulimfanyia nini na kile kidogo alichopewa.

Ya Allah, wape subira mama wote wenye watoto hawa, wafungulie ndugu zao macho, na utujaalie mikono yetu iwe ya kufundisha kabla ya kuwa ya kutoa sadaka. Aamin.

Wenye maswali kuhusu kuanza na mtu dukani kwako, niandikieni, nitawajibu inshaAllah. Wiki ijayo tunarudi kwenye mishono ya mabaibui ya Ramadhani.

Wabillahi tawfiq.